Tangazo la maji si shairi la Muyaka

“Wakazi wote wanafahamishwa kwamba, kutokana na shughuli za ukarabati zinazotarajiwa kutekelezwa, kutashuhudiwa ukatizwaji wa muda wa usambazaji wa maji katika maeneo husika kuanzia saa 9 hadi saa 3.”

Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, lakini mkazi wa Kisauni au Likoni ameshasoma nyingi za namna hii ukutani. Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, mama mwenye mitungi mitano ya kujaza ataisoma mara mbili, na bado hajui ni mtaa gani, siku gani, wala ateke maji lini. Ataishia kumwita hamali wa mkokoteni na kununua maji ambayo angeyapata kwenye mfereji wake.

Kazi yangu hapa Mombasa ni kuhariri maandishi ya namna hii: barua za shule kwa wazazi, matangazo ya zahanati, fomu za vyama vya akiba na mikopo. Tangazo lile ningeliandika hivi: “Jumanne tutafunga maji Kisauni na Bamburi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tunabadilisha bomba lililopasuka. Tafadhali tekeni maji ya kutosha Jumatatu usiku.”

Tazama kitenzi “tutafunga”. Mtendaji yumo, wakati umo, tendo limo. Hiyo ndiyo nguvu ya Kiswahili. Ukiandika “tutawarudishia”, umesema nani atarudisha, lini, na atawarudishia kina nani, yote kwa neno moja. Ukikigeuza kitenzi hicho kuwa “utekelezaji wa zoezi la urejeshaji”, mtendaji anatoweka, na bomba linakuwa limejifunga lenyewe. Naamini mtindo huu umetuingia kwa kutafsiri barua za ofisi za Kiingereza neno kwa neno, kisha ukazoeleka hadi tukauona ndio Kiswahili cha heshima. Mimi siuoni hivyo. Anayeficha mtendaji anamnyima msomaji mtu wa kumuuliza.

Kuna na lile la saa, ambalo hunisumbua kuliko maneno magumu yote. Ofisi inayofanya kazi kwa saa za Kizungu huandika “saa 9 hadi saa 3” ikikusudia asubuhi hadi alasiri. Mswahili akisoma saa tisa anaelewa alasiri, na saa tatu anaelewa usiku. Bahati mbaya iliyoje: tarakimu ni zile zile mbili, zimepinduka tu, kwa hiyo hakuna kinachomshtua msomaji. Atateka maji adhuhuri akidhani bado yapo, akute mfereji mkavu. Ndiyo maana katika tangazo la Kiswahili naandika saa kwa maneno, na sikubali saa yoyote ikae peke yake bila asubuhi, alasiri au usiku. Maagizo ya dawa vivyo hivyo: badala ya “1x3” kwenye bahasha, andika kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.

Sasa, nikisema haya mbele ya watu wa Mombasa, hupata jibu moja linalotolewa kwa uchungu: unataka kutuharibia Kiswahili. Huu ni mji wa mshairi Muyaka, naambiwa. Hofu hiyo naiheshimu, na naipenda hoja yenyewe, kwa sababu Muyaka ananisaidia.

Muyaka bin Haji aliishi hapa Mvita, yaani Mombasa, tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi takriban mwaka 1840. Anasifiwa kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuufikisha mitaani: siasa, mapenzi, njaa, fedha, na ugomvi wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mafumbo yake watu wa wakati wake waliyafumbua na kuyajibu, kwa kuwa walimjua anayesemwa na kisa chenyewe. Lakini miongo michache baada ya kifo chake, W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza, alipoyakusanya mashairi hayo, alimhitaji Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwana wa Mombasa, ayakumbuke na kuyafafanua. Bila Mwalimu Sikujua, sehemu kubwa ya maana ingetupotea. Fumbo la Muyaka lilistahili mfafanuzi, na lilimpata. Tangazo lililobandikwa mlangoni pa zahanati Mtongwe halina Mwalimu Sikujua wa kusimama kando yake.

Kwa hiyo sipingi lugha ya mapambo. Ninachouliza ni kama msomaji na mwandishi wanakijua kisa kimoja. Leso, yaani kanga, ndiyo mfano mzuri zaidi nchini mwetu. Maneno machache yamepigwa chapa kwa herufi kubwa, wala hayamtaji mtu, na jirani aliyekusudiwa anaupata ujumbe mara tu leso inapopita mbele ya baraza lake. Fumbo hapo ni adabu, maana linasema bila kutukana. Mwandikie mkweo barua kwa lugha hiyo, umwandikie rafiki, utunge utenzi wa harusi. Lakini usiwaandikie hivyo watu elfu usiowajua ambao wanatakiwa kulipa, kumeza dawa au kuhama nyumba.

Mazoea ya mapambo yasiyo na kazi nadhani tunayapata kwenye insha za shule. Mwanafunzi hukariri ufunguzi wenye jua la utosi na ndege wanaoimba, akapachika methali tatu na “bukrata wa ashiya”, yaani asubuhi na jioni, ili apate alama. Simlaumu mtoto, anaandika kwa ajili ya mtahini. Tatizo ni kwamba anapoajiriwa anaendelea kumwandikia mtahini yule yule, na mzazi anayeulizwa karo anaanza kusomewa habari za jogoo na alfajiri.

Upande wa pili pia kuna kosa, la kudhani kwamba wepesi ni kupunguza maneno ya lugha. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha lugha nyepesi, ISO 24495-1. Kipimo chake kinamhusu msomaji: je, yule aliyekusudiwa anakipata anachokihitaji, anakielewa, na anaweza kukitumia? Chukua onyo la bahari. Kwa wavuvi, “maji bamvua” ni maneno mepesi kabisa. Ukiwaandikia “kiwango cha juu cha kupwa na kujaa kwa maji ya bahari”, umewaongezea uzito bila kuwaongezea maana. Mgeni aliyekuja Nyali kutoka Nakuru, naye, bamvua haijui. Yeye mwandikie kwamba bahari itajaa kupita kawaida, asiache mtoto ufukweni. Onyo ni moja, wasomaji wawili, na yote mawili ni Kiswahili chepesi. Vivyo hivyo mteja wa soko la Kongowea haulizi “samaki”. Anataka changu, tafi au nguru. Utajiri wa lugha ninaoupigania ni huu wa kukitaja kitu kwa jina lake.

Hapa ndipo lahaja inapoingia. Mkutano wa mwaka 1928 uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, na Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikaachwa. Uchungu huo haujaisha kwa wazee wetu, nami ninao. Hata hivyo tangazo la mji mzima naliandika kwa sanifu, kwani huko Changamwe linasomwa na watu waliotoka Kitui, Kisumu na Taita. Kimvita nakiandika kwa watu wa Mji wa Kale na kwenye kundi la simu la ukoo, na huko sikipunguzi hata herufi.

Jambo moja nakataa kulipokea kutoka kwa miongozo ya ugenini: kufuta salamu. Kule inahesabiwa kuwa maneno ya ziada. Kwetu, barua kwa mzazi inayoanza na deni ni ukosefu wa adabu, na mzazi aliyekasirika hasomi vizuri. Mpe salamu mstari mmoja, kisha mpe jambo lenyewe, kiasi na siku ya mwisho.

Kabla ya kubandika chochote, mpe msomaji wa kweli: mlinzi wa geti, muuza mahamri, mzazi anayesubiri foleni. Usimwulize kama ameelewa, maana kwa heshima atakwambia ndiyo. Mwulize, “Sasa wewe utafanya nini, na siku gani?” Akijibu kinyume na ulivyokusudia, rudi mezani uandike upya, hata kama sentensi unayoifuta ndiyo uliyoipenda zaidi.