Massey Shaw: boti ya zimamoto ya mtoni iliyokwenda vitani

Ukifanya kazi na pampu za majini, tope utaliogopa kabla ya moto. Pampu ya boti ya zimamoto hunyonya maji kupitia tundu lililo chini ya boti, na kwenye njia hiyo huwekwa chujio. Maji yakipwa na boti ikakaribia sakafu ya bahari, kinachoingia ni matope, majani ya mikoko na mifuko ya plastiki. Nimepiga magoti kwenye ngama, yaani sakafu ya ndani kabisa ya boti, mara nyingi kuliko nilivyosimama kwenye sitaha, mkono mmoja ndani ya chujio nikichomoa uchafu, huku mwenzangu akinimulikia tochi na watu wa juu wakipiga kelele kwamba maji yamekatika. Ndiyo maana nikisoma habari za boti yoyote ya zimamoto, swali langu la kwanza ni moja: inahitaji kina gani cha maji ili ielee?

Massey Shaw, boti ya zimamoto ya London, ilihitaji chini kidogo ya futi 4. Urefu wake ni futi 78, upana futi 13 na nusu. Kwa chombo cha chuma chenye injini mbili kubwa na pampu mbili tumboni, kuelea kwenye maji machache hivyo ni ufundi wa hali ya juu. Iliundwa mwaka 1935 na kiwanda cha J. Samuel White kule Cowes, kwenye Kisiwa cha Wight, ikapewa jina la Sir Eyre Massey Shaw, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kikosi cha zimamoto cha jiji hilo.

Kwa nini waibane hivyo? Mto Thames unapopita London hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 6 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Sisi wa Pwani, ambao bamvua ya mita 3 au 4 tunaiona kubwa, tukiyaona maji yale tutashangaa. Yakijaa, nafasi chini ya madaraja inakuwa finyu, na boti yenye kibanda kirefu haipiti. Yakipwa, kando zote mbili hubaki tope tupu, na maghala yanayowaka yako ng'ambo ya tope hilo. Kwa hiyo boti ilibidi iwe fupi juu na isizame sana chini.

Nguvu yake ilikuwa kwenye pampu. Zilikuwa mbili, za kampuni ya Merryweather, na kwa pamoja zilitoa galoni 3,000 kwa dakika, yaani karibu lita 13,600. Hebu fikiria tani 13 na zaidi za maji zikirushwa kila dakika. Mzinga wa maji wa shaba uliokuwa juu ya sitaha ulipofunguliwa, boti nzima ilisukumwa kinyume, maana maji yanayokwenda mbele hukurudisha nyuma. Nahodha wa boti ya namna hii hapumziki: ama amefunga kamba imara, ama anapigana na msukumo huo kwa rafadha, yaani pangaboi la boti. Septemba ya mwaka huohuo 1935 boti ikapata moto wake mkubwa wa kwanza, ghala la mpira huko Colonial Wharf, Wapping, lililowaka kwa siku nne.

Mwishoni mwa Mei 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza na washirika wake walikuwa wamebanwa na Wajerumani ufukweni Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa. Ufukwe wa pale ni mchanga unaoteremka polepole sana. Meli za kivita zilibaki mbali, na wanajeshi wakasimama kwenye maji hadi kifuani wakingoja. Kilichotakiwa ni vyombo visivyohitaji kina. Massey Shaw ikaitwa, na askari wa zimamoto wakajitolea kwenda nayo.

Tangu ilipoletwa kutoka Cowes, boti hii haikuwa imetoka kwenda baharini, na dira haikuwa nayo. Mtoni dira ya nini, nawe unaona kingo zote mbili? Ikanunuliwa haraka kabla ya safari. Lakini dira ikifungwa kwenye chombo cha chuma haisemi kweli hadi irekebishwe, kwa sababu chuma cha boti, injini na pampu huivuta sindano. Kuirekebisha ni kukizungusha chombo kikabili pande zote, ukilinganisha sindano na alama za nchi kavu unazozijua. Muda wa kufanya hivyo haukuwepo. Wakaipaka boti rangi ya kijivu, wakaelekea Ramsgate, na kutoka hapo wakavuka. Moshi wa matangi ya mafuta yaliyokuwa yakiwaka Dunkirk ulionekana kutoka mbali.

Kule ufukweni ule upungufu wa kina ukawa neema. Boti ilisogea pale ambapo meli kubwa zingepwelewa. Hata hivyo haikuweza kugusa mchanga, kwa hiyo ikapitishwa kamba kutoka botini hadi nchi kavu, na kiboti kidogo kikavutwa kwa kamba hiyo, kikienda na kurudi, kila mara na watu wachache. Safari ya kwanza iliwarudisha Uingereza wanajeshi kama 60, wamebanana kwenye chombo kilichojengwa kubeba mipira ya maji. Ilikwenda mara tatu. Wanajeshi zaidi ya 500 iliwatoa ufukweni na kuwapeleka kwenye meli zilizokuwa zikingoja, na wengine zaidi ya mia iliwafikisha nyumbani yenyewe. Ikirudi London mara ya mwisho, meli ya Kifaransa Emile Deschamps ililipuliwa na bomu la majini karibu nayo, na Massey Shaw ikaokoa watu wapatao 40. A. J. May, askari wa zimamoto aliyeiongoza, alitunukiwa Distinguished Service Medal, nishani ya ushujaa. Kila nikisoma habari hizi nasimama kwenye ile kamba. Mtu aliyezoea kuvuta mipira ya maji gizani ndiye hasa anayejua kuvuta kamba bila kuchoka.

Tarehe 7 Septemba 1940 mabomu yakaifuata London yenyewe. Surrey Docks, bandari ya mbao, ikawaka yote, na matishari yenye moto yakakatika kamba na kuelea mtoni. Hapa boti ilikuwa na kazi nyingine ambayo wasio wa fani hawaioni. Mabomba ya maji chini ya barabara yalipopasuliwa, boti ilifunga gatini, ikanyonya mto na kuwasukumia maji askari wa nchi kavu kupitia mipira.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, moto ulipozingira Kanisa Kuu la St Paul, mto ulikuwa umepwa kupita kiasi. Boti hazikuweza kusogea karibu vya kutosha, na askari wakaburuta mipira kwa miguu juu ya tope. Nalijua tope la namna hiyo. Linakumeza hadi gotini, na mpira uliojaa maji hauvutiki.

Massey Shaw ilistaafu mwaka 1971, ikaachwa kuoza, hadi wapenzi wake walipojitolea kuiokoa miaka ya 1980. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa Gloucester, ikarudi London mwaka 2013, na mwaka 2015 ikavuka tena hadi Dunkirk. Mzinga wake bado unarusha maji ya Thames.