"Mama, niliacha bukari": maswali ya wagonjwa wa sukari wanaotaka kukonda

Hapa Lubumbashi, katika kituo cha afya ninapofanya kazi, Jumatatu ni siku ya wagonjwa wa sukari na presha. Wananiita docta ingawa mimi ni muuguzi, na nimeshachoka kuwasahihisha. Hata kabla hajapanda kwenye mizani, mtu ananiambia kwa furaha: "Mama, niliacha bukari." Bukari ndio ugali wetu. Ninayajibu hapa maswali yao ya kila wiki. Kinachonisukuma hasa ni wale wanaoletwa wakibebwa kwa sababu sukari imewashuka mno.

Bukari ndio unaotunenepesha, si kweli?

Bukari mnauonea. Mtu ananenepa anapokula na kunywa nguvu nyingi kuliko anazotumia, na nguvu hizo tunazihesabu kwa kalori. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya pombe 7, ya mafuta 9. Bukari uliosongwa kwa gramu 100 za unga wa mahindi una kalori kama 360. Sasa fungua sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Ukitia robo lita ya mafuta ya mawese, umetia zaidi ya kalori 2000. Mkigawana watu 5, kila mmoja amekula 400 za mafuta peke yake, na bukari bado hajaugusa. Kuna baba mmoja aliacha bukari wa mchana kabisa, akabaki na michopo, ile nyama ya kuchoma, na chupa zake 2 kubwa za bia jioni. Chupa moja ya namna hiyo ina kalori karibu 300. Akaniuliza mbona tumbo halishuki.

Lakini mimi nilipoacha nilipungua kilo 2 wiki ya kwanza!

Nyingi ya kilo hizo ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga ndani ya ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika karibu gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba inaisha, maji yake unayakojoa, mizani inakusifu. Kisha unaenda kwenye msiba, unakula kama wengine, na kilo zinarudi kwa siku mbili. Si uchawi, na wala mwili wako hauna kichwa kigumu.

Basi kipi bora kuacha, wanga au mafuta?

Swali hili lilipimwa vizuri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine likapunguza mafuta. Waliopunguza mafuta walishuka kwa wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haitoshi kusema njia moja inaishinda nyingine. Na makundi yote mawili yaliambiwa waache sukari ya kuongezwa na wale mboga kwa wingi.

Mimi nameza dawa za sukari. Niliacha bukari ili nikonde na sukari ishuke pamoja. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Hapa naomba mtulie mnisikilize.

Ukipewa sindano za insulini, au vidonge kama glibenclamide, dawa hiyo inashusha sukari ya damu iwe umekula au hujala. Haijui kama leo umeamua kukonda. Umemeza kidonge asubuhi, umekunywa chai tupu, mchana umekataa bukari, sukari inaendelea kushuka. Mashine ya kupima ikionyesha chini ya 70 mg/dl ni hatari: jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuona giza. Ikishuka zaidi, mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, anaanguka, pengine na degedege. Ubongo unaishi kwa sukari. Ukiikosa kwa muda mrefu unaharibika, au mtu anakufa.

Kwa hiyo: ukiwa kwenye insulini au glibenclamide, usiache bukari kwa uamuzi wako. Njoo kwanza. Tunaweza kuupunguza pamoja, kidogo kidogo, huku dokta akipunguza na dawa. Metformin, kidonge kingine cha sukari, ikiwa peke yake haina kawaida ya kuangusha mtu namna hii, lakini wengi wenu mnachanganya vidonge viwili na hamjui majina yake.

Nikiruka chakula mara moja tu?

Hata mara moja. Wengi niliowapokea waliruka mara moja tu. Mzee, na yule ambaye figo zake zimechoka, ndio wanaoanguka upesi zaidi, kwa sababu dawa inakaa mwilini mwao muda mrefu. Na bia juu ya tumbo tupu ni kosa juu ya kosa: pombe inalizuia ini kutoa sukari yake ya akiba.

Je, siku nisiyokula niache dawa?

Usijipangie. Kuna mgonjwa wa insulini ambaye akiiacha anaingia hatari nyingine upande wa pili: sukari kupanda mno. Uliza kabla ya siku hiyo. Wanaofunga kwa maombi au kwa Ramadhani, nanyi njooni mapema, si jioni ya kuamkia mfungo.

Mama yetu alianza kuongea ovyo na kupiga watu. Tulidhani ni mashetani, tukampeleka chumba cha maombi. Tungejuaje?

Mngejua kwa kuwa anameza dawa za sukari. Hiyo peke yake inatosha! Mgonjwa wa sukari akibadilika ghafla, neno la kwanza kinywani mwenu liwe "sukari", si "mashetani", si "jirani amemloga". Nimeona mama aliyekaa chumba cha maombi usiku mzima akitokwa jasho, watu wamemzunguka wanakemea, na kilo ya sukari ilikuwa nyumbani kwake kabatini.

Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari ndani ya maji, sasa hivi. Hamna mashine ya kupima? Mpeni hivyo hivyo. Sukari ikipanda kidogo kwa saa moja haitamdhuru kama ile iliyoshuka. Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudieni. Akipata nafuu ale chakula, na bukari ni chakula.

Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote mdomoni, hata maji ya sukari, yatamwingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mtafute gari, aende hospitali. Kuomba ombeni, mimi pia ni Mkristo, lakini ombeni mkiwa ndani ya taksi.

Ameamka baada ya sukari, anaongea vizuri. Bado twende?

Bado mje. Glibenclamide inaweza kumwangusha tena ndani ya saa 24, hata usiku mkiwa mmelala. "Aliamka, tukarudi kulala" ni sentensi ninayoisikia kutoka kwa familia zinazolia. Mje siku ile ile.

Chai za kukonda zinazouzwa sokoni? Maji ya ndimu?

Nyingi ya chai hizo zinaharisha tu. Unapoteza maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji, mafuta yanabaki. Ndimu haiyeyushi mafuta ya mtu. Pesa hiyo nunua lengalenga, yaani mchicha.

Nina mimba, au nanyonyesha. Niache nini?

Pombe. Kukonda kutangoja.

Basi nifanye nini, maana kilo 90 ni nyingi?

Anza na vya kunywa, kwa sababu havishibishi. Soda moja ya sentilita 33, ile tunayoita sukre, ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko 7 vya chai. Wewe uliyeogopa bukari unakunywa 2 kwa siku na mikate ya kukaanga asubuhi. Acha hizo, kasoro siku sukari imekushuka. Mafuta ya mboga yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa: kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120. Matembele na lengalenga yajaze nusu ya sahani, maharagi au ndakala (dagaa) robo, bukari robo iliyobaki. Najua sahani hiyo inaonekana ya mtoto. Baada ya wiki tatu utaizoea.

Tembea angalau dakika 150 kwa wiki. Kutoka mtaa wa Katuba hadi mjini kwa miguu siku kadhaa kunatosha, na nauli inabaki mfukoni. Ukiwa na kilo 90, kupunguza kilo 5 hadi 9 kunasaidia sukari na presha hata kama majirani hawaoni tofauti. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wewe unayeshuka kilo 4 kwa mwezi bila kubadilisha chochote, huku unakojoa sana au unakohoa kwa wiki mbili, hujakonda, unaumwa. Njoo upimwe sukari na kikohozi.

Nije na nini Jumatatu?

Dawa zote unazomeza, ndani ya mfuko mmoja, hata zile ulizonunua barabarani na zile za mume wako unazoazima. Na uje umekula.