Mkanda wa mashine ya kusaga haukazwi kama uzi wa gitaa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wenye mashine za kusaga: mkanda ukilia, kaza mpaka usibonyee, mlio ukizidi, paka grisi. Si kweli, na beringi nyingi zimekufa kwa ushauri huo.

Mkanda wa V (wenye umbo la herufi V ukiukata) hushika kwa mbavu zake mbili, zinazojibana kwenye kuta za mfereji wa puli, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda au kuuzungusha. Ukikazwa kupita kiasi, shafti (mhimili unaobeba puli) inavutwa upande mmoja, beringi ya mota inachemka na nyuzi za ndani ya mkanda zinakatika. Ukilegea, unateleza na kunuka mpira ulioungua.

Kupima si kazi. Zima umeme kwanza. Kwa kila sentimita 100 za mkanda kati ya puli na puli, katikati ubonyee takriban milimita 16, kwa nguvu iliyo kwenye jedwali la mtengenezaji. Kupima nguvu hiyo, mizani ya kuvuta inatosha. Mkanda mpya upimwe tena baada ya saa 24 za kazi, maana hutanuka.

Kinachochanganya watu ni kwamba kukaza hunyamazisha mlio siku mbili tatu. Lakini chanzo huenda ni puli zisizonyooka (vuta uzi usoni mwa zote mbili utaona) au mfereji uliolika. Ukikuta sakafu ya mfereji inang'aa, mkanda umezama mpaka chini, badilisha puli. Grisi, yenyewe, huvimbisha mpira na kuuozesha.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.