Hapana, Hiyo Barua Haisemi Kitu, na Tafadhali Usiniletee Jedwali

Jamani nimechoka. Mtu akipokea bahasha isiyo na jina la mtumaji, ndani kuna karatasi imejaa mistari ya wino inayofanana na mwandiko lakini haisomeki, anapiga picha ananitumia na swali ni lile lile, inasema nini. Haisemi kitu. Namjibu hivyo, naye ananirudia, "sawa, lakini ikifumbuliwa itasema nini?" Wa mwisho kanizidi kabisa, kaja na jedwali, kila kijimkunjo kakipa herufi, kinachojirudia sana kakiita A kwa sababu eti A ndiyo herufi inayotumika kuliko zote, mwisho wa siku kapata neno moja linalokaribia "samaki" na sasa anaamini kuna mtu anamtishia maisha kwa samaki.

Haya ni maandishi asemiki, yaani mistari yenye sura ya mwandiko lakini isiyo na maneno, na si mambo ya jana. Henri Michaux, mshairi na mchoraji mzaliwa wa Ubelgiji, alishakuwa anachora kurasa za hivi mwaka 1927, moja akaiita Alfabeti na nyingine Masimulizi, humo hakuna alfabeti wala masimulizi. Mirtha Dermisache, msanii wa Argentina, alimaliza kitabu chake cha kwanza 1967, kurasa 500, neno hata moja hakuna, halafu akaendelea kutengeneza barua, postikadi na hata magazeti yenye safu zake kama kawaida, na Roland Barthes, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua alama na maana, alimwandikia mwaka 1971 kumsifu. Jina asemiki lenyewe lilishika mwishoni mwa miaka ya 90, washairi Tim Gaze na Jim Leftwich walipoanza kuita hivyo kazi zao na kuzituma kwenye majarida ya ushairi. Historia inatosha, ninachotaka kusema ni hiki kingine.

Kuna vitu vinne watu wanavitia kwenye kapu moja na ndipo damu yangu inapochemka. Kuna mwandiko mbaya, maana ipo ila mkono umeiharibu. Kuna maandishi ya siri, maana ipo na imefichwa kusudi. Kuna maandishi ambayo bado hayajasomwa, maana ilikuwepo ila waliokuwa wanaijua wamekufa. Halafu kuna asemiki, ambapo maana ya maneno haikuwekwa tangu mwanzo. Ukichukua hicho cha nne ukakifanyia kazi ya cha pili, utatafuta mpaka uzeeke.

Chukua Linear B, maandishi ya kale ya Krete na Ugiriki. Ilikaa miaka na miaka haisomeki, lakini ukihesabu unakuta alama za silabi kama 87, zinajirudia, zina tabia, moja inapenda kuanza neno na nyingine inapenda kumaliza. Kwa hiyo Michael Ventris alipoisoma mwaka 1952 akakuta ni Kigiriki cha kale, hakufanya mazingaombwe, kulikuwa na kitu cha kushika. Hata ule mswada wa Voynich, kitabu cha kale kisichosomeka kilichoko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambao ngozi yake imepimwa ikaonekana ni ya kati ya 1404 na 1438, una alama chache zinazorudi rudi kwa mpangilio, ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana kama ni lugha, ni siri au ni uongo mtupu, na mimi sina upande. Lakini usiniambie Voynich ni asemiki. Hatujui ni nini, na kutojua maana si sawa na maana kutokuwepo.

Sasa chukua ukurasa wa Dermisache ujaribu kuandika orodha ya alama zake. Hufiki mbali. Mkunjo wa kwanza haufanani na wa pili, wa pili unafanana nusu na wa saba, wa saba unaingia ndani ya wa nane bila mpaka, hujui alama moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Hapo hesabu ya kujirudia unaifanya juu ya nini? Yule wa jedwali aliamua mwenyewe kwamba vijimkunjo 14 tofauti ni kitu kimoja, kisha akashangaa kwamba kitu hicho kinajirudia. Lazima kijirudie, umekiumba wewe!

Naomba niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna mtu mwerevu atanibana. Siwezi kuthibitisha kwamba karatasi fulani haina ujumbe. Hakuna anayeweza. Ujumbe uliofichwa kwa ufunguo, yaani mfululizo wa siri wa herufi au namba zisizo na mpangilio wowote, wenye urefu sawa na ujumbe wenyewe, unaotumika mara moja tu, unaonekana kama fujo tupu, na bila ufunguo huna namna ya kutofautisha. Na wasanii wenyewe hawasaidii. Luigi Serafini, msanii wa Italia, alitoa Codex Seraphinianus 1981, kitabu kizima cha mwandiko wa kubuni, watu wakahangaika nacho miaka, mwaka 2009 akasema mbele ya watu kule Oxford kwamba maandishi yale hayana maana yoyote, lakini namba za kurasa zilikuwa zimeshafumbuliwa, zinafuata hesabu ya msingi wa 21, yaani inayohesabu kwa ishirini na moja badala ya kumi! Sasa baada ya hapo umwambie mtu "hakuna kitu humo" akuelewe vipi? Cy Twombly naye, yule mchoraji Mmarekani wa mistari inayozunguka zunguka kama chaki ubaoni, alipokuwa jeshini miaka ya 50 alipangiwa kazi ya maandishi ya siri. Hilo halimaanishi chochote kuhusu michoro yake, lakini najua kuna mtu ameshafungua jedwali jipya.

Kwa hiyo kimantiki mlango uko wazi kidogo, nakubali. Ninachokataa ni kuukodolea macho huo mlango huku nyumba nzima imekaa nyuma yako.

Manake ukiacha kuwinda maneno, kuna mengi ya kusoma pale. Kalamu ina kasi. Mstari uliochorwa haraka unakuwa mwembamba, wino haupati muda wa kuzama, na mahali mkono uliposita utaona nukta nene kidogo, wino umekusanyika wakati mtu anafikiri. Unaona alipochovya upya, kwa sababu mistari mitatu imefifia halafu ghafla wa nne mweusi tii. Unaona pumzi, yaani aya fupi fupi halafu moja ndefu isiyopumua, na pambizo la kushoto lililoanza wima likaishia limepinda kwa sababu mkono umechoka au mtu amechangamka. Hivi vyote vipo hata kwenye barua ya kawaida, ila kule maneno yanakula macho yako yote na huvioni. Asemiki inaondoa maneno, inakuachia mkono. Mimi naona hapo ndipo uzuri wake ulipo, na kama huuoni basi ni sawa tu, si kila mtu lazima apende, ila usiseme ni fumbo.

Na wewe unayesema hata mtoto anaweza, ndiyo, anaweza, na wanafanya vizuri kuliko wengi wetu. Serafini mwenyewe alisema alitaka msomaji ajisikie kama mtoto mbele ya kitabu asichoweza kukisoma bado. Jaribu wewe mtu mzima uone. Kaa na kalamu uandike nusu ukurasa bila herufi. Mstari wa pili mkono umeshaleta m na e na l, kwa sababu umezifanya maisha yako yote, na ukizikwepa sana unaanza kutengeneza alama zako mwenyewe zinazojirudia, yaani umeshabuni alfabeti. Watu wanabadilisha mkono, wanashika kalamu mbali mwishoni, wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto, wanageuza karatasi juu chini. Mimi najiuliza sana kama kweli inawezekana kuondoa maana yote, au tunaisukuma tu kona moja mpaka nyingine. Sina jibu, na wanaosema wanalo nawatilia shaka.

Njia nyingine ni ya Xu Bing, msanii wa China. Kati ya 1987 na 1991 alibuni herufi kama 4,000 zinazofanana kabisa na za Kichina, akazichonga kwenye mbao akachapa vitabu, na msomaji wa Kichina anakuta kila kipande cha herufi anakijua lakini herufi nzima haipo. Pale hakuna mkono unaoonekana kabisa, uchapaji safi. Kwa hiyo hata hilo nililosema juu la mkono halitoshi kwa kazi zote, basi.

Sasa posta. Sanaa ya posta, yaani kazi za sanaa zinazotumwa kwa barua, ilipata umbo lake kwa msanii Ray Johnson kule New York, kuanzia miaka ya 50, alikuwa anatuma vipande vya karatasi akiandika ongeza kitu umrudishie Ray Johnson, au umpelekee mtu mwingine kabisa, na mtandao ule ukaja kuitwa shule ya mawasiliano ya New York. Maonyesho yao kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, mwaka 1970 yalijaa vitu watu walivyotuma kwa posta. Desturi iliyobaki kwenye maonyesho ya sanaa hii ni kwamba hakuna jopo la kuchuja, hakuna ada, kazi hairudishwi, na kinachofika kinaonyeshwa.

Kutotaja jina kunaongeza kitu kimoja, unapokea bila deni. Huwezi kujibu, huwezi kushukuru, huwezi kujua kama umechaguliwa wewe au anwani yako imeokotwa tu. Lakini "isiyo na jina" usiichukue kama ilivyo, maana bahasha nzima ina mstari mmoja ambao ni lazima usomeke, nao ni anwani yako. Mashine ya posta haijui ushairi. Halafu juu ya stempu kuna muhuri, kwa kawaida una mahali na tarehe, na huo mtumaji hakuuandika yeye. Mnaochana bahasha mkabaki na karatasi ya ndani mnatupa nusu ya kazi.

Kitu kinachonisumbua ni woga. Mwaka 2001 Marekani kulikuwa na barua zenye kimeta, watu 5 wakafa na 17 wakaugua, na baada ya hapo bahasha ya mtu usiyemjua si utani tena kwa kila mtu. Sisi tunaotuma barua za namna hii tunapenda kusema kwamba anayepokea anapata zawadi, lakini hatukumuuliza. Binafsi siku hizi situmi kwa mtu ambaye hajawahi kusema mahali popote kwamba anapenda vitu hivi, na wenzangu wengine wananicheka, wanasema nimeua mshtuko wote. Labda.

Yule wa samaki nilimwambia kama ana hofu ya kweli aiache bahasha bila kuishika shika na aulize polisi, asiniulize mimi. Kama hana hofu, aipeleke dirishani mwanga ukiwa wa pembeni aone mahali kalamu ilipokandamiza karatasi. Kajibu kwamba ameona, na kwamba mikandamizo iko 31, je, 31 ina maana gani?