Mlonge ni Mboga, Si Dawa ya Kuzibua Mishipa

Kila Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, inapokaribia, wagonjwa wengi wa kisukari kliniki huuliza kuhusu unga wa majani ya mlonge, unaouzwa kwenye vituo vya daladala na makundi ya WhatsApp kwa madai kwamba unazibua mishipa ya damu. Nia ya wanaouliza ni njema, lakini madai hayo yanahitaji ufafanuzi.

Mishipa ya mwenye kisukari haianzi kuharibika kwa kuziba kama bomba la sinki. Kinachoathirika mapema ni utando mwembamba wa ndani ya mshipa, unaotengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayoufanya mshipa utanuke damu inapohitajika kwa wingi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, gesi hiyo hupungua, mshipa hukakamaa, na madhara hujitokeza machoni, kwenye figo na miguuni.

Ni kweli kwamba panya waliosababishiwa kisukari maabara, walipopewa dondoo la mlonge, yaani viambato vyake vilivyokamuliwa na kukolezwa, walionyesha nafuu ya sukari na ya mishipa midogo. Hata hivyo, dondoo si mboga ya majani ya mlonge wala si kijiko cha unga, na tafiti kwa binadamu ni chache, ndogo, na nyingi zimepima sukari badala ya mishipa. Mboga za majani kama mchicha zina nitrati, ambazo bakteria wa ulimini huanza kuzigeuza hadi mwili upate gesi ile ile ya oksidi ya nitriki. Lakini nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu 27 wenye kisukari cha aina ya pili walikunywa juisi ya bitiruti yenye nitrati nyingi kwa wiki 2, na utendaji wa mishipa yao haukubadilika.

Kwa hiyo, mlonge uliwe kama mboga. Anayetumia unga afike kliniki na pakiti yenyewe, dawa zake zote na daftari lake, akiwa hajala kwa muda wa saa 8, ili sukari ipimwe na matumizi yaandikwe. Kipimo cha damu cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, hivyo anayetangaza kupona baada ya wiki moja hajathibitisha lolote. Anayetumia glibenklamidi au insulini, dawa za kushusha sukari, akiongeza na unga huo sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi; anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani; mwenye figo dhaifu aulize kwanza kuhusu potasiamu, madini yaliyomo kwenye mboga za majani. Kuacha metformini, dawa ya kisukari, kwa sababu ya unga, jambo tunalolikemea kliniki kila wiki, hakukubaliki.

Wauzaji nao wakumbuke kwamba Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002 ya Tanzania, iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa tiba asili na kusimamia dawa zao. Fungu la majani sokoni ni chakula. Pakiti iliyoandikwa "tiba ya kisukari" ni dawa, na mwenye nayo lazima apitie Baraza kabla ya kuiuza.

Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni asisubiri tarehe ya kliniki, wala asikipake unga huo. Afike kituo cha afya siku hiyo hiyo.