Siku 21 za kujenga mazoea zilitoka wapi?
Wengi tumeambiwa kwamba ukirudia jambo kwa siku 21 mfululizo, linakuwa mazoea. Si kweli. Chanzo ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyeandika mwaka 1960 kuwa wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Waliomnukuu baadaye waliliacha lile "angalau", wakaihamishia hesabu hiyo kwenye kila tabia.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walilipima jambo lenyewe, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja kitendo kipya cha kurudia kila siku, kwa wiki 12. Kwa kawaida mazoea yalihitaji siku 66 hivi, ila watu walitofautiana mno: kuanzia siku 18 hadi 254 (hizi za mwisho ni makadirio, maana utafiti ulikwisha kabla). Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya viungo.

Inasikitisha kwamba mtu huacha siku ya 22 akidhani ana kasoro, ilhali yuko njiani bado. Na kuruka siku moja, utafiti uleule ulionyesha, hakukuvuruga safari yenyewe.