Pistoni iling'aa, ikavunjika

Kijana mmoja anayeosha malori ya saruji na korosho njia ya Mikindani aliniletea pistoni ya pampu ya presha ikiwa vipande viwili. "Fundi, hii mpya kabisa, imekaa siku 12 tu." Ilikuwa ya kauri nyeupe, ile tunayoiita alumina, inang'aa kama sahani ya harusi. Nilipoigeuza kwenye mwanga nikaona vimistari vyembamba vimeizunguka kama pete. Nikamuuliza nani aliipunguza. Akacheka. Ilikuwa nene kidogo, haikuingia kwenye sili, akaipeleka kwa mkerezaji wakaizungusha kwenye mashine na kuisaga kwa grenda, kavu, mpaka ikaenea.

Ingekuwa chuma nisingesema neno. Chuma kikikwaruzwa hunyumbuka kidogo pale kwenye ncha ya ufa, ufa ukachoka njiani. Kauri hainyumbuki. Alumina ni ngumu kuliko chuma, lakini katika kuuzuia ufa usikimbie haifikii hata sehemu ya kumi ya vyuma vingi vya karakana. Kwa hiyo nguvu ya kipande kizima inashikwa na ufa mmoja tu, ule mbaya kuliko wote. Griffith, mhandisi Mwingereza, alilionyesha hilo kwa kioo mwaka 1921: ufa wa juu ukirefuka mara 4, nguvu inabaki nusu. Ufa wa mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ukiwa 40 bado ni mwembamba kuliko unywele, na jicho haliuoni.

Sasa tazama chembe za almasi, zile za jiwe la kusagia kauri, zinavyofanya kazi. Kila chembe inapopita hukandamiza kauri na kuacha nyufa za aina mbili: fupi zinazokatisha njia yake, na ndefu zinazofuata mkwaruzo wenyewe chini kwa chini. Hizo ndefu ndizo zinazoua. Ukikivuta kipande kufuata mikwaruzo kinavumilia. Ukikivuta kwa kuikatisha, zinafunguka. Pistoni ya kijana wetu ilisagwa kwa kuzungushwa, pete juu ya pete. Pampu ikipinda kidogo tu, pistoni inavutwa kwa urefu wake, yaani kuelekea upande ule ule ambao kila pete inasubiri kufunguka.

Na mng'ao? Mng'ao unafuta mikwaruzo, mizizi ya nyufa inabaki. Anayejua kazi husaga kwa maji mengi na almasi kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, na kila hatua anaondoa unene unaozidi kina cha madhara ya hatua iliyotangulia. Inachosha na inakula almasi. Ndiyo maana viwandani huumba kipande kikaribie kipimo kabla ya kuchomwa, wakihesabu kwamba tanuri litakipunguza. Mama zetu wafinyanzi wa Newala hawasagi chungu kilichoiva. Hukisugua kwa kokoto kingali kibichi.

Kuna kauri moja inayonifurahisha, zirkonia, ile ya meno bandia. Ukiisaga taratibu, fuwele za juu hubadili umbo na kuvimba kwa asilimia 3 hadi 5. Hazina pa kwenda, kwa hiyo ngozi inajibana yenyewe na kuziminya nyufa. Kipande kinaweza kutoka na nguvu zaidi ya kilivyoingia. Ila ukitumia jiwe kali na haraka za kibiashara, nyufa hupenya chini ya ngozi hiyo na faida yote imepotea.

Pampu ile ina pistoni 3, na zote zilipunguzwa siku moja kwa mkono mmoja. Nikamwambia akazilete zile 2 zilizobaki. Nilizipaka wino wa biki, nikasubiri kidogo, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Moja ikatoka nyeupe. Ya pili ikabaki na mstari wa bluu, nusu ya mzunguko.